Neno Lenye Kazi Nyingi Kuliko Mkalimani

Siku mliyoniaga pale kortini mlinitaka niseme machache kuhusu miaka yangu ya ukalimani. Nilisimama, nikasema nimechoka, nikakaa. Mkapiga makofi mkidhani ni mzaha wa mzee. Haukuwa mzaha. Sasa nipo kwangu Temeke, asubuhi sina pa kwenda, na mke wangu ameshaniambia niache kumkagulia jiko lake kama mtu anayekagua ushahidi. Basi nimekaa kuwaandikia ninyi mnaobaki yale niliyoshindwa kuyasema siku ile. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitawaeleza habari za neno moja la Kiingereza lililonisumbua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na za mtu mmoja aliyeumia kwa sababu yangu.

Neno lenyewe ni "take". Skuli tulifundishwa kwamba maana yake ni chukua. Mwalimu aliliandika ubaoni, darasa zima tukaliimba, tukaenda zetu nyumbani tukiamini tumelimaliza. Nadhani mwalimu naye aliamini hivyo, Mungu amsamehe.

Nilipoanza kazi, korti yetu ilikuwa banda la bati, joto lake la kuivisha muhogo. Aliyesikiliza kesi ndogo ndogo alikuwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita kila afisa wa Kizungu wa kazi hiyo, aliyekuja Temeke siku mbili kwa wiki, na siku nyingine mbili akawa Kinondoni. Mimi nilimfuata kwa baiskeli, nikiisukuma kwenye mchanga zaidi ya nilivyoipanda. Kesi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mbuzi waliokula muhogo wa Bi Tatu wa Mwananyamala. Bi Tatu alikuwa mtu mzima, amengoja siku mbili nje juani. Alipoingia, Bwana Shauri akamwonyesha kiti na kusema maneno matatu, na katika hayo mwanzoni lilikuwemo neno nililolijua vizuri. Nikaona hii kazi rahisi. Nikamwambia bibi, "Chukua kiti."

Bi Tatu alimtazama Mzungu, akanitazama mimi, akatazama kiti. Akauliza kwa adabu kama ni kweli. Nikamthibitishia, nikamwambia Bwana amesema mwenyewe. Akainama akashukuru, akakinyanyua kiti akajitwika kichwani, na kabla sijapata fahamu alikuwa ameshavuka uwanja anaelekea kwao. Alidhani Serikali imemlipa muhogo wake. Nilimkimbilia na suruali yangu mpya ya kaki, nikamkuta ameshafika kwenye minazi, na kumwambia akirudishe ilikuwa kazi ngumu kuliko mtihani wowote nilioufanya maishani. Alirudi, lakini hakukikalia. Alitoa ushahidi wake wote amesimama, kwa hasira, na hasira yake ilikuwa juu yangu, si juu ya mwenye mbuzi.

Mchana ule ndipo Mzee Hemedi aliponiita pembeni. Huyu alikuwa mkalimani mkubwa wa pale, mtu wa Bagamoyo. Alikuwa amewatafsiria Wajerumani kabla ya kuwatafsiria Waingereza, na aliwaona wote ni wageni wa kupita. Hakunicheka. Alinipa vitu vitatu: penseli iliyochongwa ncha zote mbili, ili moja ikivunjika usimsimamishe shahidi, karafuu za kuweka mdomoni, kwa sababu mkalimani akikauka koo hata ukweli hukauka, na daftari tupu. Akaniambia kila nitakapolisikia neno lile likifanya kazi ambayo skuli hawakuniambia, niandike.

Akanipa na sheria yake, ambayo aliisema polepole kama mtu anayesomesha mwana: "Wewe ni bomba la maji. Usiongeze lako. Siku ukiongeza, umeshakuwa shahidi, na hakuna aliyekuapisha."

Niliandika hilo ukurasa wa kwanza, nikaanza kujaza daftari. Enyi ndugu zangu! Mzungu akinywa chai, hutumia neno hilo. Akinywa dawa, hilo hilo. Akienda kuoga, hilo. Akienda kutembea, hilo. Akipigwa picha na mkewe penye bustani, hilo pia. Kuvua kofia ni hilo pamoja na kipande kingine cha neno. Ndege ya angani ikiruka, ni hilo pamoja na kipande kile kile cha kofia. Mtoto akifanana na baba yake, wanasema ni hilo. Shauri likitokea mahali, ni hilo. Mtu akikasirika kwa kuambiwa jambo, wanalo hilo hilo. Nilikuwa nikijiuliza hawa watu maneno mengine wameyaweka akiba ya nini.

Lililonichosha kabisa ni lile la Bwana Shauri akitaka kusema kwamba anadhani jambo fulani. Alikuwa akisema "I take it", kisha anaendelea. Mwanzoni nilimtazama mikononi kila aliposema, nione anachukua nini. Hakuwa akichukua kitu. Mikono ilikuwa mezani, na nzi wawili juu ya mkono wa kulia.

Siku moja nilimlalamikia Mzee Hemedi kwamba lugha ya hawa watu ni ya mvivu, mtumwa mmoja anafanyishwa kazi za nyumba nzima. Akanisikiliza hadi mwisho, akatema karafuu. Akaniuliza mimi kule kizimbani mashahidi huwa nawaambia wafanye nini na kiapo. Nikamwambia wale kiapo. Akaniuliza kiapo kimemshibisha nani. Akaendelea: mtu anakula hasara, anakula njama, anakula rushwa, anakula mwaka gerezani, na siku ya Idi anakula nguo mpya, na wote hao jioni wanalala na njaa. "Kila lugha ina punda wake," akasema. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Miaka ikapita, Mzee Hemedi akastaafu akahamia Kinondoni kwa binti yake, mimi nikabaki na karafuu zake na penseli zangu. Daftari la kwanza lilijaa, nikafungua la pili. Mabwana Shauri walibadilishwa kama mashuka. Mmoja alikuwa mpole akisikiliza kila kitu. Mwingine alikuwa hasikii sikio la kushoto na hataki ijulikane. Baada ya vita vya pili akaja mmoja kijana, mwepesi, mwenye saa ya mkononi aliyoipenda kuliko sisi sote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kesi nyingi na muda mfupi, na aliona maneno marefu ni namna ya uwongo.

Sasa nawaleta kwa Mihayo.

Mihayo alikuwa Mnyamwezi, mchukuzi wa sokoni Tandale, mtu wa mabega mapana na mdomo usiopumzika. Mimi ni Mzaramo. Ninyi mliotoka bara mbali huenda hamlijui vizuri jambo hili, basi nalieleza kwa urefu, kama ambavyo ingenipasa kulieleza siku ile. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya miguu kutoka kwao hadi pwani. Mtani wako akifiwa, wewe ndiye unayekuja mapema kuchimba kaburi. Na kwa kuwa unabeba mzigo mzito kuliko ndugu wenyewe, una ruhusa ya kufanya vituko: unavaa nguo za marehemu, unamtukana maiti, unachukua chombo cha nyumbani na kuondoka nacho mchana kweupe mpaka wenye msiba wakikomboe kwa kuku. Watu wanalia huku wanacheka. Ndiyo dawa yake. Lakini kuna miiko miwili. Aliyefiwa hakasiriki. Na mtani haelezi kamwe kwamba anatania, kwa sababu utani ukishaelezwa umekufa.

Alipofariki fundi Shomari, Mzaramo mshona nguo wa hapa hapa Temeke, Mihayo alifika alfajiri akachimba kaburi karibu peke yake. Kisha akaanza kazi yake nyingine. Alivaa kofia ya marehemu, akajitundika futi ya kupimia shingoni, akapita kwa waombolezaji mmoja mmoja akiwapima sanda, akimwambia kila mtu kwamba yeye ndiye anayefuata. Mzee Kondo, kaka wa marehemu, alicheka hadi akashika ubavu, na alikuwa hajala tangu jana yake. Kuku akacheleweshwa. Basi Mihayo akajitwika cherehani ya marehemu, akashika njia, akiimba kwamba Wazaramo ni wavivu hata mauti yao huwa wanayangoja wamelala.

Njiani akakutana na askari mgeni, kijana aliyehamishiwa kwetu mwezi ule kutoka mkoa ambao mambo haya hawanayo. Akamuuliza cherehani ile ni ya nani. Mihayo akajibu kama mtani anavyopaswa kujibu: ni ya marehemu, amemwibia, kwa kuwa huko aliko hakuna wa kumshonea, wote wako uchi. Askari akaandika. Akamuuliza kama ataiba tena. Mihayo akasema ndiyo, akifa mwingine. Askari akaandika na hilo, akamfunga pingu.

Kesi ililetwa wiki ile ile. Asubuhi hiyo tulikuwa na mwanamke mwenye kigugumizi. Bwana Shauri akamwambia asiharakishe, ajieleze taratibu, na hayo aliyasema kwa maneno matatu, na mnajua la kwanza lilikuwa lipi. Mimi nikamtuliza yule mama kwa Kiswahili kizuri, nikampa na sentensi mbili tatu za kumwondolea hofu. Bwana Shauri akagonga meza. Akasema yeye ametoa maneno matatu, mimi nimetoa thelathini, na ishirini na saba yametoka wapi. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba kuanzia saa ile, anapotoa neno moja nami nitoe moja. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nimesimama pale masikio yakinichoma. Nikasema ndiyo, Bwana. Ndani yangu nikaapa kwamba leo atapata anachotaka.

Huo ndio moyo nilioingia nao kwenye kesi ya Mihayo.

Akasomewa shtaka, kwamba alichukua cherehani na kwenda nayo. Akaulizwa kama ni kweli. Mihayo aliponiona, uso ukamkunjuka. Mzaramo ndani ya nyumba, mtani wake wa haki, tena ndiye mwenye mdomo wa Mzungu. Akajibu kwa sauti kubwa kwamba ndiyo, amechukua, na laiti angejua angechukua na kitanda. Watu wakacheka. Nikatafsiri neno kwa neno. Kwa Kiingereza hakukuwa na wa kucheka.

Kisha akaja Mzee Kondo, na jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa amekuja kumkomboa mtani wake, na hakuona kwa nini jambo la jogoo limefika mpaka kwenye banda la Serikali. Bwana Shauri akaamuru ndege atolewe, askari akatoka naye. Mzee Kondo akaapishwa. Akaulizwa kama mshtakiwa alichukua cherehani ya ndugu yake. Akasema ndiyo. Akaulizwa kama alimpa ruhusa. Mzee Kondo akaona swali hilo ni la ajabu kidogo.

"Hapana," akasema. "Mtani haombi ruhusa."

Hapo ndipo. Nilifungua mdomo. Nililijua vizuri kwa Kiingereza, lote, habari za misafara na kaburi na kuku. Ningeweza kulisema kwa dakika mbili. Nikamwona Bwana Shauri anatazama saa yake. Neno moja kwa neno moja, amesema. Haya basi. Nikasema rafiki. Rafiki haombi ruhusa.

Bwana Shauri akauliza kama ina maana kwamba mtu huyu huchukua mali za rafiki zake bila kuwaambia. Mzee Kondo akajibu kwa fahari kwamba ndivyo ilivyo, na yeye mwenyewe Mihayo akifiwa atakwenda kuchukua kwake. Nikalitafsiri hilo nalo, lilivyo. Bwana Shauri akasema anadhani basi hapa wapo wezi wawili, na mnajua alivyosema kwamba anadhani. Akainama akaandika.

Mihayo alikuwa ameacha kucheka. Kiingereza hakukijua, lakini alijua urefu wa maneno. Alikuwa amesikia Mzee Kondo akisema jambo kubwa na mimi nikitoa kijineno. Akanitazama. Hakuweza kujieleza mwenyewe, mwiko. Akaniambia taratibu, karibu kwa kuninong'oneza:

"Mtani, nisemee kwa Mzungu wako."

Bwana Shauri akauliza mshtakiwa amesema nini. Nikamwambia anaomba nizungumze kwa niaba yake. Akasema kazi yangu si hiyo. Na mimi, kwa hasira zangu za asubuhi, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kinyongo, nataka mlijue hilo. Sikunyamaza kwa sheria ya Mzee Hemedi wala kwa woga. Nilikuwa namkomoa Mzungu. Akapewa miezi mitatu, na aliyekwenda kuikaa ni Mihayo.

Siku ya pili yake hasira ziliponiishia, nikaenda ofisini kwa Bwana Shauri na maelezo yote. Alikuwa anafunga masanduku, anakwenda livu Ulaya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akawa mwekundu. Akaniuliza kwa nini sikusema jana. Ni swali zuri. Akaandika barua kwa atakayempokea kiti, na huyo alipofika na kuisoma ilikuwa imebaki wiki moja tu Mihayo atoke.

Nilikwenda pia Kinondoni kwa Mzee Hemedi, nikitaka anitulize. Nikamwambia nilishika sheria yake, sikuongeza neno. Alikuwa ameketi barazani, macho yamepungua nuru.

"Nilikwambia usiongeze," akasema. "Nilikwambia lini upunguze?"

Hakunikaribisha chai. Mzee Kondo naye alikuwa amempeleka yule jogoo Tandale kwa mke wa Mihayo, na mwanamke akamrudishia jogoo wake mlangoni.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Tangu siku ile, shahidi akisema neno lenye mzigo, nilikuwa nainua mkono na kumwambia Bwana Shauri yeyote kwamba hili naomba dakika mbili. Nilifokewa. Nimefokewa na wanene na wembamba, na mmoja alinirushia kalamu. Ninyi nanyi mtafokewa. Ombeni hizo dakika.

Na sasa la mwisho, ambalo ndilo lililonizuia kusema siku mliyoniaga. Mwaka juzi mama yangu alifariki. Nilipoamka siku ya maziko niliambiwa kuna mtu yuko makaburini tangu alfajiri anachimba. Nikajua ni nani. Nilikwenda nikamkuta Mihayo, nywele zimeingia mvi, jembe linapanda na kushuka. Alichimba kaburi zuri. Tukazika. Nyumbani nikangoja. Nilikuwa nimemwambia mke wangu asiingize chombo chochote ndani, viachwe nje vyote: sufuria, mkeka, redio, taa. Jogoo nilikuwa nimeshamfunga mguu nyuma ya nyumba.

Mihayo alinawa mikono, akaja akaketi mkekani pamoja na wageni. Akasema pole, mzee mwenzangu, kama mtu wa benki. Akala kidogo. Hakuvaa kitu cha marehemu, hakumtukana mama yangu hata neno moja. Alipoinuka kuaga, nilimfuata mpaka mlangoni. Palikuwa na kiti pale, kiti cha mbao alichokuwa akikalia mama akichambua mchele. Nikakishika mgongo nikakisogeza mbele yake.

"Mtani," nikamwambia. "Chukua basi hata kiti."

Alikitazama kiti, kisha akanitazama mimi, bila chuki.

"Nikichukua," akasema, "utasemaje kwa Kiingereza?"

Akashika njia ya Tandale. Kiti kilikaa pale mlangoni mpaka tulipoanua matanga, watu wakikizunguka kwenda na kurudi, na hakuna aliyekichukua.